Nyama za Pua (2): Pumu na Kidonge cha Maumivu

Juma lililopita tulieleza nyama za pua: uvimbe laini, wa kijivu, unaoota kwenye utando wa pua na kuning'inia. Kuutambua hakuhitaji mashine. Katika miaka ya 1970 Mradi wa afya wa Kasongo, Kongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulitetea kwamba mgonjwa aanzie kituo cha afya, kisha hospitali ikilazimu. Na hapa kituo kinatosha kuanza. Muuguzi amulike kwa tochi, auguse uvimbe kwa pamba. Mgonjwa asiposhtuka, huenda ni zenyewe.

Kwa kawaida si saratani. Humnyima mtu harufu, hata mawese yanaungua jikoni na yeye hana habari. Usiku anakoroma, pumzi inakatika, anaamka amechoka. Kamasi ikikwama huleta sinusiti, na mara chache usaha hupenya hadi kwenye jicho au utando wa ubongo. Jicho likivimba, au shingo ikikakamaa kwa homa, ni hospitali kuu siku ileile.

Ila ninalotaka kulikazia ni pumu. Wengi wenye nyama hizi wanayo, na baadhi yao hawapatani na aspirini. Mfaransa Fernand Widal aliyaeleza haya mwaka 1922. Max Samter na Roland Beers wakayarudia kwa kina mwaka 1968. Aspirini hufunga njia moja ya kemikali mwilini, na kwa watu hawa kemikali ziitwazo lukotrini huzidi: utando unavimba, mirija ya pumzi inabana, mara nyingi kati ya dakika 30 na saa 3. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya vivyo hivyo. Nazo kwenye farmasi zetu huuzwa kama karanga! Muuzaji angeuliza tu: "Baba, uko na pumu? Pua inaziba kila siku?" Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida huwafaa wengi wao.

Kwa mtoto mdogo nyama hizi ni nadra. Kinachoonekana kinaweza kuwa utando wa ubongo ulioshuka kupitia tundu la mfupa. Asithubutu mtu kukivuta wala kukikata. Uvimbe wa upande mmoja unaotoa damu nao uonwe na munganga, hata kwa mtu mzima.

Toleo lijalo: dawa za kupuliza, na kwa nini nyama hurudi hata zikishakatwa.