BENDERA SI LUGHA: Menyu ya tovuti imfae msomaji wa kila lugha

Siku hizi mtu akitaka cheti, akitaka kulipa ada ama kutafuta kazi, huelekezwa kwenye tovuti. Wasanifu wa tovuti hizo hutumia muda mwingi kuchagua rangi na picha. Suala la lugha aghalabu huachwa mwisho, kana kwamba kutafsiri ni kubadilisha maneno tu. Hoja yangu ni kwamba tafsiri, hata iwe nzuri vipi, haimfai msomaji asiyeweza kuifikia. Menyu, yaani ile orodha ya viungo vinavyomwelekeza msomaji, ndiyo mlango wa tovuti.

Tuanze na bendera. Tovuti nyingi huweka vijibendera juu ya ukurasa ili msomaji achague lugha. Hebu tujiulize: Kiswahili kipewe bendera ipi? Ya Kenya au ya Tanzania? Na mzungumzaji wa Kiswahili aliye Kongo abofye ipi? Uswisi nayo ina lugha nne za taifa chini ya bendera moja. Bendera ni ishara ya nchi, ilhali lugha huvuka mipaka.

Suluhisho ni jepesi. Jina la kila lugha liandikwe kwa lugha yenyewe: Kiswahili, Français, العربية. Kumwandikia Mfaransa neno 'Kifaransa' ni sawa na kumwekea mgeni kibao cha barabarani kwa lugha asiyoijua. Orodha hiyo ionekane katika kila ukurasa. Tena, msomaji akibadilisha lugha, abaki kwenye habari ile ile aliyokuwa akiisoma, asirudishwe mwanzo.

Kosa la pili ni kukisia lugha ya mtu kutokana na mahali alipo. Mkenya anayefanya kazi Muscat hufunguliwa ukurasa wa Kiarabu, ati kwa sababu yuko Oman! Kumbe kivinjari cha simu yake huweza kuiarifu tovuti lugha aliyoichagua mwenyewe. Kiswahili kina alama yake, 'sw', katika viwango vya kimataifa vya ISO. Tovuti iizingatie alama hiyo kwanza, kisha imwachie msomaji uhuru wa kubadilisha.

La tatu linatuhusu zaidi sisi wanaisimu. Neno la Kiingereza 'Home' hutafsiriwa na baadhi ya watu kuwa 'Nyumbani'. Wikipedia ya Kiswahili huuita ukurasa wake mkuu 'Mwanzo', na nadhani hilo linafaa zaidi, maadamu ukurasa si makao ya mtu. 'Open' nalo likiwa kwenye kitufe ni 'Fungua', lakini likieleza hali ya ofisi, ni 'iko wazi'. Vipi kuhusu 'All'? Kiswahili hudai upatanisho wa ngeli: habari zote, magazeti yote, vitabu vyote, wanafunzi wote. Mtaalamu wa kompyuta anayetaka neno moja litumike kila mahali atazalisha Kiswahili kibovu. Kwa hivyo, mtafsiri asikabidhiwe orodha ya maneno makavu. Aonyeshwe ukurasa wenyewe, ajue kila neno linakaa wapi na linafanya kazi gani.

Kuna pia suala la nafasi na mwelekeo. Maneno ya Kijerumani huweza kuwa marefu mno kwa kitufe kilichopimwa kwa Kiingereza. Kiarabu nacho huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo menyu na mshale wa kurudi nyuma sharti zigeuzwe.

Je, haya ni mambo madogo? La hasha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi za Kenya. Ibara ya 35 nayo inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mkulima anayekwama kwenye menyu ya Kiingereza kabla ya kuufikia ukurasa wa Kiswahili, haki hizo kwake zimebaki kwenye karatasi.

Wasanifu na waaike wataalamu wa Kiswahili tangu siku ya kwanza. Halafu kabla ya kuizindua tovuti, wampe simu mtu asiyejua Kiingereza, wamtazame akitafuta njia bila kumsaidia. Pale atakapokwama ndipo pa kurekebishwa.