MAJI YA MOTO KATIKA MAKAO YA WAZEE

Mzee akikataa kuoga, tusiseme upesi kwamba ni mkaidi. Mara nyingi anaogopa baridi, kwa kuwa mwili wake hautunzi joto kama wa kijana. Lakini asipooga, ngozi huwasha na kufanya vidonda, hasa kwa mzee asiyeondoka kitandani. Kwa hiyo makao ya wazee yanahitaji maji ya moto kila siku, wala si siku ile tu kuni zinapopatikana.

Maji kiasi gani?

Kata tatu za maji baridi ya mtungini na kata moja ya maji yaliyochemka hutoa maji ya vuguvugu, yapata nyuzi 40 za sentigredi. Basi ndoo ya lita 20 inataka lita 5 zilizochemka. Wazee 12 wanataka lita 60, yaani madebe matatu. Penye joto, kama pwani, ongeza kata ya nne ya maji baridi.

Watunzaji wapange zamu. Maji yachotwe na kuni zipasuliwe tangu jioni. Pipa lifunikwe, maana maji yaliyofunikwa huchemka upesi na kuni hazipotei bure.

Hatari ya kuungua

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mzee ni nyembamba zaidi, naye hawezi kujitoa upesi. Tena wapo wasiosikia maumivu miguuni: wenye kisukari cha siku nyingi, na waliowahi kuugua ukoma. Zahanatini kwetu aliletwa mzee aliyeungua miguu yote miwili. Hakupiga kelele, kwa sababu hakusikia kitu. Aliyekuwa akimwogesha alishtuka alipoona malengelenge. Kwa hiyo:

1. Tia maji baridi kwanza, ndipo utie ya moto.
2. Koroga, kisha pima kwa kiwiko chako. Kiganja chenye sugu hudanganya.
3. Usiongeze maji ya moto wakati miguu ya mzee imo ndani ya beseni.
4. Usimwache peke yake.

Penye tangi na mabomba, maji ya tangini yawe ya nyuzi 60. Maji ya vuguvugu yaliyotuama hukuza vijidudu vya Legionella, viletavyo homa kali ya mapafu. Ila yatokapo kwa kuogea, yachanganywe yasizidi nyuzi 44.

Mzee akiungua, mwagia maji baridi safi kwa dakika 20. Usipake mafuta, unga wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwenu kuna wazee wangapi? Wanahitaji lita ngapi za maji yaliyochemka?
2. Kuni za kesho asubuhi ni zamu ya nani?
3. Ni mzee gani kwenu asiyesikia maumivu miguuni, na nani humpimia maji?