Jiwe la Mutomo na Kimashine cha Bastola

Leo siasa tuziweke kando, nina habari ya mawe.

Shemeji yangu hununua maembe Makueni na kuyaleta soko la Kongowea. Msimu huu akiwa Kibwezi, jamaa mmoja alimvusha mto Athi hadi Mutomo, upande wa Kitui, akamwonyesha rundo la mawe mazito yenye kumeremeta. Palikuwa na mtu na kimashine mfano wa bastola. Akakibandika juu ya jiwe, kioo kikaandika seriamu, lanthanamu, neodimiamu. "Shemeji, ni yale madini adimu ya simu na magari ya umeme!" akaniambia kwa simu. Wanataka arbuni kabla ya Ijumaa. Yake haitoshi, anataka na yangu.

Nina stashahada ya ufundi wa maabara, basi nikamwambia asitoe hata shilingi.

Kwanza huko kumeremeta. Metali adimu ziko 17, na hata hilo jina lina uongo kidogo, maana seriamu ardhini inakaribia wingi wa shaba. Lakini hakuna hata moja utakayoichimba ikiwa metali tupu. Hukaa ndani ya mawe zikiwa zimefungamana na vitu vingine, kwa mfano kwenye monazaiti, ambayo rangi yake ni ya hudhurungi au manjano iliyofifia. Wala haina mng'ao wa fedha. Kinachometameta kwenye mawe ya Ukambani mara nyingi ni ulanga, na uzito waweza kuwa chuma tu.

Kwa nini hazikai tupu? Chukua kiberiti cha gesi. Kile kijiwe kinachotoa cheche kimetengenezwa kwa seriamu, lanthanamu na chuma. Gurudumu likikikwaruza, vipande vidogo vyenye uso mpya hukutana na hewa na kuwaka papo hapo. Metali hizi zina uchu wa oksijeni usio mfano, ila hazilingani. Itriamu hujifunika utando mwembamba unaoshika na kuikinga. Utando wa neodimiamu hubanduka, chini yake panaliwa tena, ndiyo maana sumaku za neodimiamu hupakwa nikeli. Yuropiamu huliwa upesi kuliko zote, lazima ihifadhiwe mbali na hewa.

Sasa mtaalamu anayetaka kuuona uso halisi wa metali kama hiyo ana kazi. Hewani, uso uliosafishwa hufunikwa na molekuli za gesi ndani ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Hivyo huiweka kwenye chombo kilichonyonywa hewa karibu yote, huisugua kwa atomi za agoni zilizochajiwa umeme, kisha huipiga eksirei. Elektroni huchomoka, na nguvu zinazotoka nazo hueleza ni elementi gani na kama imeshashikana na oksijeni. Zinazofika nje bila kupoteza nguvu ni za juu kabisa tu: gawanya unene wa unywele mara elfu kadhaa, ndicho kina chenyewe.

Kile kibastola nacho hutumia eksirei, ila hakihitaji chombo kisicho na hewa na huona ndani zaidi. Zaidi kiasi gani? Kwenye jiwe, kwa kawaida haivuki milimita chache, na kwa elementi nyepesi ni chini ya unene wa unywele. Tena husoma doa dogo tu. Ganda la jiwe lililopigwa na jua na mvua miaka na miaka si sawa na moyo wake. Vumbi pia husomwa. Na mshikaji ndiye huchagua doa.

Sisemi chombo ni cha kitapeli, wajiolojia wanakitumia kila siku. Lakini wao wakitaka kujua mwamba una kiasi gani, huchukua sampuli nyingi, wakazisaga unga, wakachanganya, wakapeleka maabara.

Sisi Wapwani tunayajua haya kwa Mrima, kule Kwale. Pale madini adimu yapo kweli, na kampuni moja ilitaja thamani ya dola bilioni 62.4. Leseni ikafutwa 2013, na kesi dhidi ya serikali ikatupwa 2018. Mlima upo palepale. Mrima umetufunza jambo jingine pia: madini haya mara nyingi hufuatana na thoriamu, yenye mionzi. Gunia lake si la kuweka chini ya kitanda cha watoto.

Shemeji amerudi jana na maembe yake na jiwe moja. Nimelipasua kwa nyundo uani: ndani ni jeupe, na ulanga umejipanga kama kurasa za kitabu. Nusu tumeipeleka ikapimwe Nairobi. Jamaa wa Mutomo ameshapiga simu mara tatu tangu asubuhi.