Arosto Ikiisha, Hatari Haijaisha

Familia nyingi za Temeke, Kisauni na Ng'ambo zilizowahi kuishi na kijana anayetumia unga zinaijua tiba hii. Chumba kinatafutwa, dirisha linapigiliwa misumari, mlango unatiwa kufuli, na kijana anafungiwa humo mpaka arosto, yaani mateso ya kukosa unga, imtoke. Baada ya siku kumi hivi anatoka amekonda, lakini anakula, anaoga, anaswali na wenzake. Mama anachinja kuku. Wiki chache baadaye kijana yuleyule anakutwa amekufa gheto kwa rafiki, na mtaani zinaanza habari kwamba wauzaji wamemtilia sumu kwa kuwa aliwakimbia.

Mara nyingi sumu hakuna. Kilichomuua ni kipimo chake mwenyewe cha zamani.

Heroini, ndiyo unga wenyewe, inatokana na afyuni, ukoo mmoja na mofini na kodeini. Dawa za ukoo huu hutuliza maumivu na kuleta raha, na wakati huohuo hupunguza nguvu ya ile sehemu ya ubongo inayotufanya tupumue bila kufikiri. Mwili wa anayetumia kila siku unazoea. Kete iliyomlaza mwanzoni haimgusi tena, anaongeza, na anafika mahali pa kuhimili kiasi ambacho kingemuua mgeni siku ya kwanza. Akiacha, mazoea hayo ya mwili hupotea ndani ya siku na wiki chache tu. Kichwa hakisahau. Siku akiteleza, mkono unapima kilekile cha zamani. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani zina vifo vingi mno kwa watumiaji wa heroini, na sababu ni hiyohiyo. Mwili haujui tofauti ya gereza na chumba cha uani.

Arosto yenyewe, lazima tukiri, inatisha kuitazama. Huanza ndani ya saa 6 hadi 12 tangu dozi ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama. Siku ya pili na ya tatu mifupa inauma, tumbo linakata, mtu anaharisha na kutapika. Kufikia wiki moja makali yanakuwa yamepungua sana. Kwa mtu mzima mwenye afya, akipata maji ya kutosha, ni nadra arosto ya unga kuua.

Pombe ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba msomaji atulie. Mtu aliyekunywa gongo au chang'aa kila siku kwa miaka, akikatizwa ghafla, anaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za kwanza, kisha akachanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, moyo ukaenda mbio na mwili ukachemka. Hali hiyo inaua. Mtu huyo hafungiwi ndani. Anapelekwa hospitali, apewe dawa za kutuliza ubongo pamoja na vitamini B1. Cha ajabu, mtaani tunaiogopa arosto ya teja, ila mikono ya mlevi ikitetemeka asubuhi tunacheka.

Turudi kwa kijana wetu. Kinachobaki baada ya arosto ndicho familia isichokiona. Usingizi unakataa kwa wiki na miezi. Chakula hakina ladha, mpira hauna raha, mazungumzo yanachosha. Akipita karibu na kijiwe chake cha zamani, au akikutana tu na mtu waliyekuwa wakitumia pamoja, hamu inarudi kwa nguvu ileile. Wengi wana sonona kamili, tena wengine walikuwa nayo kabla hawajauona unga: mmoja alilawitiwa utotoni, mwingine alifiwa na wazazi wote wawili, mwingine alikuwa akisikia sauti na hakuna aliyemwamini. Unga ulimpa ganzi. Ganzi ikiondolewa, maumivu yaliyokuwa chini yake yanaibuka, na nyumbani kila mtu anamwambia ashukuru Mungu amepona. Katika hali hiyo swali la kujiua lazima liulizwe waziwazi. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kulisema.

Tiba ipo, na ipo karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Unga umekuwepo pwani yetu tangu miaka ya 1980; mwanzoni ulivutwa, na kujidunga kukaja kushamiri baadaye, pamoja na maambukizi ya VVU na homa ya ini. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015, na mwaka huohuo Zanzibar ikaanza katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mgonjwa hunywa dawa hiyo ya maji mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo haimpandishi na kumshusha mtu kila baada ya saa chache kama unga. Anaamka bila arosto, anakwenda kazini.

Lawama kubwa ni kwamba huku ni kubadilisha unga kwa unga. Siikubali. Anayechoma insulini kila siku hatumwiti mraibu wa insulini, na methadoni imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Tatizo la kweli liko kwingine: nauli ya kila siku kwa mtu asiye na kazi, na kliniki zilizo mbali na anakoishi. Kuna na hili ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau: dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huifanya methadoni iondoke mwilini haraka. Mgonjwa anayeanza dawa za TB anaanza kupata arosto, analalamika, anaambiwa anatafuta dozi ya bure. Anasema kweli, aongezewe. Tena methadoni ni ya watumiaji wa afyuni na jamaa zake tu. Kwa pombe, bangi au mirungi haisaidii.

Soba hausi, au nyumba za upataji nafuu kama serikali inavyoziita, zimewafaa wengi, hasa Zanzibar. Ninachoziomba ni kwamba asitoke mtu bila mpango wa siku ya kwanza mtaani.

Kila tarehe 26 Juni, siku ya kupiga vita dawa za kulevya duniani, tunamsimamisha jukwaani kijana aliyeacha, asimulie alivyouza sufuria za mama yake, wanafunzi wapige makofi. Viwango vya kimataifa vya kinga, vilivyotolewa na Umoja wa Mataifa pamoja na Shirika la Afya Duniani, vinaweka shuhuda za namna hiyo miongoni mwa mambo yasiyozuia kitu. Yanayosaidia hayana jukwaa: mzazi kufundishwa kumlea mtoto bila kipigo, mtoto kubaki shuleni, kujifunza kukabili hasira na shinikizo la wenzake, na ugonjwa wa akili kutibiwa mapema.

Ukimkuta mtu anakoroma ajabu, pumzi zimepungua, midomo imekuwa ya kijivu na haamki ukimtikisa, usimnyweshe maziwa wala maji. Mlaze ubavu, mpeleke hospitali mbio na useme ametumia nini. Huko dawa iitwayo naloksoni humrudishia pumzi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya unga, kwa hiyo hata akiamka asiachwe aondoke.

Mwenye kijana aliyetoka soba hausi, rumande au chumba cha uani wiki hii, aweke mahubiri pembeni. Amkalishe amwambie: ukiteleza, usitumie peke yako, usipime kile cha zamani, na unipigie simu. Wapo watakaosema huko ni kumruhusu. Wamwambie hivyohivyo, na kesho yake wamsindikize kliniki.