Kuhamia kompyuta mpya bila kupoteza tarehe za mafaili

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Wengi wenye kompyuta za zamani, wakiwamo wafanyabiashara wa Mbale Industrial Division mashariki mwa Uganda, wamepata sababu ya kununua mpya. Kazi ya kuhamisha mafaili huonekana nyepesi, lakini mara nyingi hupoteza kitu ambacho hakigunduliki upesi: tarehe.

Hasara hiyo si ndogo. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inamtaka mlipa kodi nchini Uganda ahifadhi kumbukumbu zake kwa miaka 5 baada ya kipindi cha kodi kumalizika. Mwenye duka aliyehifadhi ankara na hesabu katika kompyuta hutegemea tarehe ili kutofautisha nakala ya kwanza na iliyorekebishwa baadaye. Folda nzima ikionyesha siku moja tu, yaani siku ya kuhama, mpangilio wa miaka hiyo huvurugika.

Kwa nini tarehe hubadilika?

Kila faili katika Windows lina tarehe 3: ya kuundwa, ya kurekebishwa na ya kufunguliwa mara ya mwisho. Tarehe hizo hazimo ndani ya hati yenyewe. Hutunzwa na diski, mfano wa daftari la stoo linaloandika kila mzigo uliingia lini. Faili linaponakiliwa katika diski nyingine, daftari la huko huliandika kama mzigo mpya.

Kwa sababu hiyo, anayenakili kwa njia ya kawaida huona jambo la kushangaza: faili limerekebishwa mwaka 2019 lakini limeundwa jana. Hakuna hitilafu hapo. Tarehe ya kurekebishwa husafiri pamoja na faili, ilhali ya kuundwa huanza upya. Folda nazo huchukua tarehe ya siku ya kunakiliwa. Mafaili yaliyopakuliwa kutoka intaneti kwa kawaida hupata tarehe ya siku yalipopakuliwa.

Namna ya kuzihifadhi

Windows ina programu yake iitwayo robocopy, isiyohitaji kununuliwa. Diski ya zamani ikiunganishwa na kompyuta mpya na kusomeka kama D, amri ifuatayo huandikwa katika dirisha la amri:

robocopy D:\Hesabu C:\Hesabu /E /COPY:DAT /DCOPY:DAT

Sehemu ya /E huchukua folda zote zilizomo ndani, hata zilizo tupu. Mbili zinazofuata huagiza kwamba mafaili na folda zihamishwe pamoja na tarehe zake. Anayepitia diski ya nje atumie amri hiyo katika hatua zote mbili, kwa kuwa tarehe ya kuundwa iliyopotea katika hatua ya kwanza haitarudishwa na ya pili. Kwa watumiaji wa Linux, amri ya cp -a hulinda tarehe ya kurekebishwa.

Kabla ya kuanza, saa ya kompyuta mpya irekebishwe na kuwekwa katika majira ya Afrika Mashariki. Flashi za mfumo wa FAT32 huandika saa ya mahali zilipotumika, hivyo kompyuta iliyowekwa majira ya nchi nyingine huweza kuonyesha saa zilizosogea. Baada ya kunakili, mafaili machache yakaguliwe, na diski ya zamani isifutwe mpaka mwenyewe aridhike.

Picha na ushahidi

Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Picha za maafa ya namna hiyo huweza kuhitajika miaka mingi baadaye, na kwa bahati nzuri kamera nyingi za simu huandika tarehe ya kupigwa ndani ya picha yenyewe. Tarehe hiyo haipotei kwa kunakili. Hupotea picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Ikitumwa kama hati, husalia.

Hata hivyo, tarehe peke yake si uthibitisho kamili, kwani yeyote anaweza kubadilisha saa ya kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 huielekeza mahakama kupima jinsi kumbukumbu ilivyoundwa, ilivyohifadhiwa na kama imebaki bila kuguswa. Kwa hiyo ni busara kuandika pembeni siku ya kuhama, njia iliyotumika na aliyefanya kazi hiyo, kisha kuiweka diski ya zamani mahali salama.