HUKUMU IKISOMWA, SIKU ZIMEANZA KUHESABIWA

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba,

Mwenzetu mmoja, mchuma chai wa hapa Mahoko, alihukumiwa kifungo kwa wizi wa mfuko mmoja wa mbolea. Alikana, na sisi tuliofanya naye kazi tulimwamini. Hukumu ilisomwa naye yupo. Jamaa zake wakaona heri wangoje nakala ya hukumu. Ilipopatikana tukaandika rufani, ikafika mahakamani siku ya 34. Ikakataliwa kwa kuchelewa. Habari ya mbolea haikuulizwa tena. Mwenzetu akamaliza kifungo chote, na mkewe akabaki na watoto na shamba la watu.

Kosa hilo lilikuwa letu pia, sisi viongozi wa chama. Tulihesabu siku tangu tuliposhika karatasi. Mahakama ilihesabu tangu hakimu alipofungua kinywa.

Basi tushike haya. Sheria ya Rwanda ya mwenendo wa kesi za jinai, Na. 027/2019 ya 19/09/2019, iliweka mwezi mmoja wa kukata rufani. Kama wewe au wakili wako mlikuwapo hukumu ikisomwa, mwezi unaanza siku hiyo. Kama hamkuwapo, unaanza siku uliyoarifiwa hukumu. Rufani juu ya kuwekwa rumande kabla ya kesi kwisha ni siku 5 tu.

Wenzetu wanaofanya kazi nchi jirani wajue kuwa kila nchi ina hesabu yake. Kenya ni siku 14. Tanzania, rufani ya kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu inataka taarifa ya nia ndani ya siku 10, kisha rufani yenyewe ndani ya siku 45.

Ndugu, ukisikia mwenzako amehukumiwa, fanya hivi:

1. Andika tarehe ya hukumu siku hiyo hiyo, na namba ya kesi.

2. Omba nakala mara moja, usingoje iletwe.

3. Nenda ofisi ya MAJ wilayani Rubavu. Ushauri wa sheria hapo ni wa bure kwa asiye na uwezo.

4. Siku hizi rufani hupelekwa kwa kompyuta, kwa mfumo uitwao IECMS. Asiyejua atafute anayejua, wala asione haya. Hakikisha umepata uthibitisho kwamba imepokelewa.

5. Aliye gerezani amwambie mkuu wa gereza mapema kwamba anataka kukata rufani.

6. Mjulishe mwakilishi wa chama kazini kwako siku hiyo hiyo.

Rufani si dawa ya kila hukumu, na mwenye kosa hatafutwa kosa kwa sababu ana kadi ya chama. Lakini mfanyakazi asifungwe kwa kukosa kalenda. Sasa kila mwakilishi wetu ana daftari la tarehe za kesi za wanachama. Lifungueni, lisomeni, liandikeni.

Umoja ni nguvu.