Kupe wa Mbwa na Namna ya Kumng'oa

Ewe mkulima wa Kalenga, mbwa wako hulinda mahindi usiku yasiliwe na nguruwe mwitu. Basi nawe usimwache aliwe na kupe, maana kupe humtia homa iwezayo kumwua. Mtazame kila jioni masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Umwonapo kupe, usimchome kwa moto wala usimpake mafuta ya taa, kwani akisumbuliwa hutapika mate yenye ugonjwa ndani ya jeraha. Mshike kwa kibano karibu na ngozi, umvute polepole bila kumzungusha. Usimpasue kwa kucha, mtupe motoni. Kisha osha jeraha na mikono kwa sabuni. Kupe jike mmoja hutaga maelfu ya mayai katika nyufa za ukuta. Mwahi kabla hajataga.